Tazama, Usiguse

Nina ruhusa ya kutazama. Nalisema mapema, maana watu wa nyumbani wakisikia naitwa msimamizi wa mitandao huku Texas hudhani kuna kitu ninakisimamia. Kuna swichi tano zimebebana kwenye chumba cha ndoo na mafagio, ndani ya ghala moja hapa Carrollton, na fundi wake ni mimi. Naona taa zake zikipepesa kijani. Naweza kukuambia tundu namba 17 limepitisha data kiasi gani na tundu namba 40 lina waya mbovu. Lakini ukiniomba niihamishe printa ya mapokezi kutoka mtandao wa wageni kwenda mtandao wa ofisi, hapo tutakosana. Kuhamisha ni kugusa. Kugusa kunataka nenosiri la pili, na nenosiri la pili halijulikani na mtu yeyote anayelipwa mshahara ndani ya jengo lile.

Kwa asiyezijua: swichi ya mtandao ni sanduku bapa la chuma lenye matundu, mara nyingi 48, na kila kompyuta, kamera, printa na simu ya mezani huchomeka waya wake humo. Ofisi ikikua matundu yanakwisha, unaongeza sanduku la pili, la tatu, na kila moja lina jina lake, anwani yake na nenosiri lake. Mwaka 2003 kampuni ya Cisco ikatoa aina iitwayo Catalyst 3750. Unaziunganisha kwa kebo nene mgongoni, hata zikifika tisa, nazo zinajifanya kitu kimoja chenye anwani moja na mlango mmoja wa kuingilia. Mafundi tunaiita staki. Wazo zuri sana, sina ugomvi nalo. Badala ya kuingia mara tano unaingia mara moja. Kwangu mimi maana yake ni kwamba badala ya kufungiwa nje mara tano, nimefungiwa nje mara moja kwa jumla.

Carrollton yenyewe iko kaskazini ya Dallas, mji wa watu 133,000 na ushei kwa sensa ya 2020, na umejipanua mpaka ukakanyaga kaunti tatu: Dallas, Denton na Collin. Ukiulizwa unaishi kaunti gani lazima uulize kwanza wanamaanisha upande upi wa barabara. Kuna Wakorea wengi kandokando ya Old Denton Road, na supu yao ya mchana ndiyo imenifanya nisiache kazi. Pembeni ya barabara ya I-35E ni maghala kwa maghala. Huku ndiko chipu ilikoanzia, ujue. Septemba 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments aliwaonyesha wakubwa wake mjini Dallas sakiti ya kwanza iliyojengwa yote ndani ya kipande kimoja cha jiwe la kielektroniki, na mwaka 2000 akapewa Nobel kwa jambo hilo. Ukishuka kusini kidogo utaliona jumba la Infomart, lililofunguliwa 1985, wamelijenga kwa kuiga lile kasri la vioo la maonyesho ya London ya 1851, na ndani ni mitambo ya mawasiliano. Napita hapo kila nikienda kuhudhuria misiba na harusi. Mimi mtambo wangu ni wa chumba cha mafagio.

Na kukifikia chumba chenyewe ni safari. Mlinzi wa langoni ni kijana wa Bukavu. Tunaanza kuongea Kiswahili kabla sijazima gari: watoto hawajambo, baridi imezidi, sombe imepanda bei kwenye duka la Waafrika. Ananisindikiza mpaka mlangoni akicheka. Tukifika mlangoni kicheko kinakatika, mkono unanyooka.

"Kadi, kaka."

"Si unanijua wewe?"

"Miye nakujua, kaka. Mashine ndiyo haikujui."

Hapo huna la kujibu. Ukishapita mashine, kuna ufunguo wa chumba, nao anao mama wa usafi. Huyu mama ndiye mtu pekee katika kampuni nzima mwenye mamlaka kamili juu ya mtandao, kwa sababu ndiye anayeweza kuchomoa waya wa umeme wa zile swichi ili achomeke mashine ya kufyonza vumbi. Hajawahi kufanya hivyo. Ni mtu makini sana. Kwa jinsi mambo yanavyokwenda nimeanza kuomba asiwe makini kiasi hicho, na sababu utaiona.

Basi umeingia, umeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, unatoa waya wa konsoli. Ni waya bapa, rangi ya samawati iliyopauka, upande mmoja unaingia kwenye swichi, upande wa pili unataka tundu la namna ambayo kompyuta za mkononi ziliacha kuwa nayo zamani sana. Kwa hiyo unanunua adapta. Ndani ya adapta kuna kichipu, na vichipu hivi vina vya bandia vyake. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza vile halisi, ilitoa programu iliyokuja kimyakimya pamoja na masasisho ya Windows, ikikuta kichipu cha bandia inakifisha. Mafundi walipiga kelele mpaka wakairudisha nyuma. Tangu hapo fundi mwenye akili hatembei na adapta moja, na adapta anayoiamini hamwazimi hata shemeji yake.

Ukiunganisha, sanduku linajibu kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Sanduku hilohilo, kwenye kila tundu la mbele, linapitisha biti bilioni moja kwa sekunde bila kutoa jasho. Lakini ukitaka kuzungumza nalo ana kwa ana, linaongea kwa mwendo wa karani wa zamani anayesoma hati ya kiwanja: unaona mstari unaanza, unaenda, unaenda, unafika mwisho. Ukiliuliza saa, linakujibu kwa kujiamini kwamba leo ni Machi 1993. Si uchawi. Swichi nyingi za ukoo huu zikiwaka bila kuambiwa wakati halisi huanza kuhesabu tangu tarehe 1 Machi 1993, na aliyezifunga hizi hakujisumbua kuziambia. Kuziambia mimi siwezi, maana kurekebisha saa nako ni kugusa. Kwa hiyo kila umeme ukikatika zinarudi mwaka 1993, wakati mimi niko darasa la pili Korogwe, na zinaanza upya maisha kutoka pale.

Halafu kuna ile tabia yake ya kutokubali kwamba mtu anaweza kukosea herufi. Mtu akiandika amri vibaya, kitu cha kawaida kabisa, swichi haisemi kwamba haijaelewa. Inadhani umetaja jina la mashine fulani unayotaka kuitembelea, na kwa upole wa ajabu inaanza kuitafuta. Inapaza sauti kwenye anwani 255.255.255.255, yaani inamuuliza kila aliyemo mtandaoni: jamani, nani anamjua huyu? Hakuna anayemjua. Inasubiri. Inauliza tena. Wewe umekaa juu ya ndoo unatazama skrini imeganda, na njia ya kuikatiza ni kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na 6, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuligundua mwenyewe bila kuambiwa na mkubwa wake kazini. Kuna amri ya mstari mmoja ya kuikomesha tabia hii moja kwa moja. Inahitaji nenosiri la pili.

Kitu ninachokipenda ni orodha ya wanachama. Hiyo naruhusiwa kuitazama. Unaandika maneno mawili, zinatokea swichi zote tano na cheo cha kila moja, maana ndani ya staki kuna uchaguzi. Lazima apatikane mmoja wa kuwaongoza wenzake, na kila swichi ina namba ya kipaumbele kuanzia 1 hadi 15, mwenye kubwa anapita. Fundi makini anampa 15 yule anayemtaka, 14 msaidizi wake, mambo yanakwisha. Huyu wetu aliwaacha wote na 1 waliyozaliwa nayo kiwandani. Wakifungana namna hiyo kuna vigezo vya katikati, sikuchoshi navyo, lakini mwisho wa yote anayeshinda ni mwenye anwani ndogo kuliko wote ya kiwandani, na kwetu mwenye anwani ndogo ni kikongwe. Ndiyo demokrasia yenyewe: katikati ya vijana wanne wenye nguvu, anayeongoza ni sanduku lililochoka, feni yake inakoroma, kwa sababu alisajiliwa mapema. Na utaratibu wa 3750 ni kwamba hata ukileta swichi mpya yenye kipaumbele 15, haimwondoi aliyepo. Inaingia, inakaa, inasubiri. Aliyeko madarakani hatoki mpaka azimike. Sijawahi kuhitaji kumfafanulia Mwafrika Mashariki kipengele hiki. Wamarekani ndio huniuliza kwa nini.

Kibaya zaidi ni ile kebo ya mgongoni ikilegea. Kwa kawaida kebo hizi zinafungwa kwa duara, ili moja ikikatika ipo njia ya kuzungukia. Yetu haikufungwa duara. Aliyefunga aliona kebo moja imebaki akaenda nayo. Kwa hiyo ikilegea moja tu, staki inapasuka vipande viwili, kila kipande kinafanya uchaguzi wake, na wote wawili wanatangaza kwamba wao ndio halali na anwani ni yao. Ukiingia kutoka mbali hujui unaongea na nani. Unafungua unamkuta huyu, unafunga, unafungua tena unamkuta yule, wote wanakuita kwa jina moja. Hili nalo nimelitazama.

Sasa utauliza, na bosi wangu pia aliuliza: kwani nenosiri likipotea hakuna dawa? Ipo. Imeandikwa wazi kwenye vitabu vya mtengenezaji. Unazima swichi zote, unabonyeza kitufe cha Mode pale mbele huku unarudisha umeme, unashikilia hadi taa ibadilike, unaificha faili ya mipangilio, swichi inawaka ikiwa imesahau kila kitu pamoja na nenosiri, unairudisha faili ukiwa tayari umeshaingia ndani, unaweka nenosiri lako. Pamoja na kusubiri, nusu saa. Nikaandika ombi kwa heshima zote.

"Kuna kitu kimeharibika?" bosi akauliza.

"Hapana, bosi."

"Kwa hiyo kinafanya kazi."

"Kinafanya kazi."

"Na wewe unataka kukizima."

Mimi nimesoma, lakini sikusomea kujibu hoja ya namna hiyo. Nikasema basi iwe usiku. Usiku kuna malori. Jumapili? Jumapili ndiyo wanapakua. Sikukuu ya Shukrani ya Novemba? Msimu umeanza. Krismasi? Msimu umefika kileleni. Januari? Januari wateja wanarudisha vitu vyote walivyonunua Desemba, kazi ni maradufu. Ghala halilali, na mimi nimeambiwa niwe mvumilivu, na printa iko kwenye mtandao wa wageni.

Wapo waliopata bahati. Mwaka 2013 Cisco walitoa tangazo kuhusu swichi za kizazi kilichofuata, 3650 na 3850 zenye matundu 48. Kitufe cha Mode kilikuwa juu kidogo ya tundu namba 1, na ukichomeka waya wenye ule mpira wa kulinda kichwa chake, mpira unakibonyeza kitufe na kukishikilia. Swichi inadhani bwana mkubwa kaamuru ianze upya, inafuta mipangilio yake na kujiwasha tena katikati ya kazi. Fikiria: kuna ofisi duniani zilibonyezewa kitufe hicho na kipande cha mpira, bila fomu wala kikao. Zetu ni za kizazi cha nyuma. Mpira haufiki. Nimetazama.

Kwa hiyo nimejifunza kuishi bila kugusa. Kwa kuwa siwezi kubadilisha tundu liwe la mtandao gani, nahamisha waya uende kwenye tundu ambalo tayari liko kwenye mtandao unaotakiwa. Matundu ya mtandao wa ofisi yote yana wenyewe. Kupata moja inabidi mtu aondoke. Sitaki unifikirie vibaya, lakini siku bibi wa uhasibu alipostaafu, keki ikakatwa, watu wakafuta machozi, na mimi nikashika kikombe cha soda nikijisemea moyoni: tundu namba 31, mtandao wa ofisi, lina umeme wa simu ndani yake. Wenzangu kazini wakisikia fulani anaacha kazi huuliza anahamia wapi. Mimi huuliza alikuwa amekaa dawati gani.

Mbele ya swichi ya tatu kuna kibandiko. Aliyefunga mtambo alikuwa mkandarasi, na alikuwa na nia njema kwa sababu aliandika nenosiri kwa kalamu ya wino akalibandika pale, kitu ambacho watu wa usalama wangemkatia kichwa, lakini mimi ningembusu mkono. Tatizo ni joto. Kiyoyozi cha ghala hakifiki chumba cha mafagio, na Agosti ya Dallas inavuka digrii 38 siku nyingi mfululizo. Wino umeungua. Zimebaki herufi C mwanzoni na alama ya mshangao mwishoni.

Nikajaribu Carrollton. Nikajaribu jina la kampuni iliyotengeneza. Halafu nikakumbuka niko wapi. Hapa mwanamume mzima akiambiwa chagua nenosiri linaloanza na C, ataandika Cowboys, na baada yake mwaka waliochukua ubingwa. Nikaanza na wa mwisho. Mara ya mwisho Dallas Cowboys kushinda Super Bowl ilikuwa Januari 1996. Nikarudi nyuma, 1994, 1993, 1978, 1972, orodha ikaisha. Ni timu yenye uwanja mkubwa ajabu pale Arlington na mashabiki wasiokata tamaa, na orodha yake inaisha upesi namna hiyo. Ukikosea swichi inakujibu kwa maneno mawili kwamba siri zako ni mbaya, kisha inakurudisha ulipokuwa, mahali pa kutazama.

Ajabu ni kwamba nenosiri la kwanza, lile la kuingia na kutazama, limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa na halijabadilishwa tangu swichi zifungwe. Lakini nenosiri langu la kufungulia kompyuta ili nifike huko kutoka nyumbani lazima nilibadilishe kila baada ya siku 90: herufi kubwa, namba, alama, lisifanane na yaliyopita, na baada ya hapo simu itaniletea tarakimu sita ninazotakiwa kuziandika kabla hazijachacha. Mtu aliyeandika mwongozo ulioeneza kanuni hizi za alama na kubadilishabadilisha anaitwa Bill Burr, aliuandika mwaka 2003 akiwa kwenye taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba sehemu kubwa ya aliyoyafanya anayajutia. Mwaka huohuo taasisi yenyewe ikatoa mwongozo mpya: msiwalazimishe watu kubadilisha nenosiri bila sababu. Nimeuchapa nikauweka mezani kwa wahusika. Wameusoma. Zamu yangu ya kubadilisha ni wiki ijayo.

Na tusijidanganye kwamba zamani palikuwa na ustaarabu. Nenosiri la kompyuta lilianza Chuo cha MIT mwaka 1961, kwenye mfumo wa Fernando Corbató uitwao CTSS, kwa sababu mashine moja ilitumiwa na watu wengi na kila mmoja alipewa saa zake. Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, saa zake zilikuwa hazimtoshi. Akaomba mashine imchapishie faili lote la maneno ya siri, ikamchapishia. Bila kaka wa Bukavu. Nikimkumbuka huyo ninapokuwa juu ya ndoo, roho inaniuma.

Nafuu pekee niliyonayo ni mtego mmoja mdogo: mfumo wa kampuni unakataa neno lolote lililo kwenye kamusi, lakini kamusi yake haijui Kiswahili. Siendelei zaidi ya hapo.

Wa nyumbani hawayajui haya. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, shangazi yangu alinipigia kwa simu ya kawaida, ya kulipia dakika. Nikajua jambo ni zito.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. We mtoto, mbona mmetukatia?"

"Nani amewakatia, shangazi?"

"Ninyi wa mitandao. Nimenunua bando la wiki, halijamaliza siku."

Nikamweleza: waya, bahari, Msumbiji, meli ya kutengeneza.

"Basi nenda kaunganishe."

"Shangazi, mimi niko Texas."

"Si ndiko inakotoka?"

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba printa ya mapokezi imenishinda. Nikasema nitalifuatilia. Siku kadhaa baadaye huduma ilirejea, na kwa taarifa nilizonazo kuna kuku ametengwa kwa jina langu. Huku nako si nafuu. Harusini, sahani ya pilau mkononi, anakujia mtu: wewe si wa mitandao? Nirudishie Facebook yangu, kuna Mnaijeria kaiba. Ukimwambia kazi yako ni swichi, anakutazama kwa huruma na kukuuliza kama kuna kitu kingine unachofanya.

Lakini la Februari 2021 ndilo ambalo halijaniondoka. Mnakumbuka ile baridi. Uwanja wa ndege wa DFW ulipimwa nyuzi 19 chini ya sifuri tarehe 16, mitambo ya kufua umeme ikaganda, gesi ikaganda, na wasimamizi wa gridi walisema baadaye kwamba Texas ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 gridi nzima ianguke, na ingechukua wiki kadhaa au zaidi kuiamsha. Mamilioni ya watu walikaa gizani. Sisi tuliokulia kwenye mgao tulikuwa na mishumaa ndani. Majirani zangu wakaja kujifunza. Na ghala? Ghala lisilolala lililala. Halikuwa na umeme, halikuwa na malori, halikuwa na msimu, halikuwa na wateja wa kurudisha vitu. Nafasi niliyoiandikia barua zote zile ikaletwa bure, kubwa kuliko niliyoomba, na swichi zote tano zimezimika kabisa, zinasubiri mtu mmoja tu aje abonyeze kitufe cha Mode. Na I-35E yote ilikuwa barafu tupu. Gari langu halikutoka hata kwenye maegesho.

Umeme uliporudi, swichi zikawaka zenyewe. Zikafanya uchaguzi. Kikongwe akashinda. Saa ikasema Machi 1993. Na hapo ndipo ilipogundulika kwamba kuna vitu mkandarasi alivirekebisha siku ya mwisho ya kazi yake lakini hakutoa amri ya kuhifadhi, kwa hiyo vilikuwa vinaishi kwenye kumbukumbu ya muda tu na vimekufa na umeme. Kamera ya lango la nyuma ikarudi kwenye mtandao wa wageni. Bosi akaniita, akasema hili ni jambo dogo, ni dakika moja, niingie nirekebishe. Ilibidi nisubiri mtu wa mauzo aache kazi.

Ndugu mkandarasi, popote ulipo: sina kinyongo na wewe, wala sitauliza habari ya ile kebo ya tano. Nilichotaka ni herufi za katikati tu. Zinaanza baada ya C na kuishia kabla ya alama ya mshangao. Nitumie hata kwa ujumbe wa kawaida, na kama ulichanganya herufi kubwa na ndogo, tafadhali onyesha ni zipi.